Maswali ya Wasomaji: Krismasi iko mlangoni na mama kachoka tayari

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwetu kusini mwa Tanzania, Masasi, Tandahimba, Lindi mjini mpaka Mikindani, na karibu zote zinaongelea sikukuu, wageni na hela. Nimechagua nne. Nimezifupisha kidogo ila maneno ni ya wenyewe.

SWALI: Dada shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne naishi Masasi, mume wangu mwalimu. Kila Krismasi ndugu wa mume wanatoka Dar wanakuja kwetu maana mama mkwe tunaishi naye sisi, na upande wangu kaka zangu ambao ni Waislamu wanatoka Lindi wanakuja kula sikukuu na sisi. Nawapenda wote. Shida naamka saa kumi alfajiri naingia jikoni natoka usiku, mwaka jana hata misa sikwenda, mawifi zangu wamekaa sebuleni wanapigana picha. Mume nikimwambia anasema wale wageni. Nifanyeje bila kuvunja undugu? (Mama Wanne, Masasi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwanza tuelewane hapo kwenye neno mgeni. Wifi yako kazaliwa nyumba hiyo, anayelala chumba cha ndani ni mama yake mzazi, huyo hajawahi kuwa mgeni hapo hata siku moja. Hata kaka zako wa Lindi wana ugeni kuliko yeye. Kwahiyo kumpa kisu akate vitunguu sio kumkosea adabu.

Ila wewe usiseme. Ukisema wewe itageuka kuwa wifi katuchoka, itafika Dar kabla yao, na mwakani hawaji au wanakuja wamenuna. Wa kusema ni mama mkwe. Nenda kwake jioni moja ametulia, kaa naye chini kwenye mkeka, mwambie mama mwaka huu natamani twende misa wote mimi na wewe na watoto, sasa naomba utusaidie kuongea na dada wakubwa wabaki na jiko kuanzia saa moja mpaka tutakaporudi. Mama akipiga simu yeye mwenyewe kwa mabinti zake hakuna atakayebisha, nakwambia.

Na mume naye asikae pembeni. Wiki mbili kabla aandike kwenye lile grupu la familia nani analeta nini, mchele wanunue huko Dar wapakie kwenye basi, mwingine mafuta na soda, hela ya mbuzi ichangwe itumwe kwa simu mapema, sio watu wanafika tarehe 24 saa mbili usiku mikono mitupu wanauliza tunakula nini. Aseme pia wanaokuja wakate tiketi mapema, Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 500 na wiki ile ya Krismasi siti zinagombaniwa kweli kweli.

Kuhusu kaka zako nimefurahi sana ulivyoandika, maana huku kusini nyumba nyingi ziko hivyo, Juma na Yohana ni watoto wa bibi mmoja na Idi mnakwenda kwao Krismasi wanakuja kwenu. Mbuzi na kuku wachinjwe na Muislamu, kaka kama hajafika muite jirani, hilo wengi mnalijua. Linalosahaulika ni vyombo. Kama kuna shemeji anapenda kitimoto (nyama ya nguruwe) aende akaile huko inakouzwa, isiingie kwenye masufuria yenu siku hiyo, na bia zisiwekwe mkeka mmoja na chakula cha wajomba. Mkifanya hivyo kaka zako watakula kwa amani bila kuuliza uliza.

Kazi ya jikoni sasa igawe siku mbili. Tarehe 24 jioni watoto wachambue mchele, wamenye vitunguu, mwingine atwange saumu na tangawizi. Mbuzi akishachinjwa chemsha nyama usiku huohuo na chumvi na tangawizi mpaka iive, ile supu usimwage. Kama huna friji, kwa joto la Desemba usiiache hivihivi, ichemshe tena kabla hujalala na tena alfajiri. Asubuhi hapo kazi imebaki ndogo, wifi anakaanga vitunguu kwenye mafuta mpaka viwe kahawia kabisa, asiwe na haraka maana rangi ya pilau yote inatoka hapo, anatia saumu na bizari nyembamba, nyama, supu, mchele, maji yakikaribia kukauka anapunguza moto chini anapalia makaa juu ya mfuniko. Sufuria moja kubwa na kachumbari na embe zilizokatwa, basi. Hayo mambo ya chapati na sambusa na maandazi na kuku wa kukaanga vyote siku moja ndiyo yanakumaliza, na hakuna mtu atakayesema hakushiba pilau.

SWALI: Dada mimi mkulima wa korosho Tandahimba. Hela ya mnada imeshaingia benki na nyingine inakuja. Mwaka jana nilinunua redio kubwa, nguo za nyumba nzima, nikachinja mbuzi wawili nikaalika mtaa. Januari mtoto alichelewa shule hana sare, na mwezi wa pili nikakopa kwa watu wa kangomba. Mke wangu hataki hata kusikia neno sikukuu. Je nisifanye kabisa? (Baba Shufaa)

JIBU: Fanya baba, watoto wanaisubiri. Ila mkeo ana haki ya kununa na naomba umsikilize.

Hesabu ya mkulima wa korosho sio ya mwenye mshahara. Unavuna mara moja, minada inaanza kama Oktoba ikiisha ndio imeisha mpaka Oktoba nyingine, hela unayoiona Desemba ndio ya Machi, ndio ya Juni. Na kangomba unaijua kuliko mimi, mtu anakupa hela mwezi wa pili mtoto anaumwa au ndani hakuna unga, bei anapanga yeye, msimu ukifika gunia zako zinaondoka kwake badala ya kwenda AMCOS, chama chenu cha ushirika. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani unapeleka korosho ghalani unapewa risiti, ulipoanza 2007 hukohuko kwetu Mtwara lengo lilikuwa mkulima auze kwa ushindani kwenye mnada, na serikali imeikataza kangomba miaka na miaka, lakini inaendelea kwasababu ya hiyo Februari yenye njaa. Mimi hili linaniuma sana, maana mtu kapulizia dawa miezi, kaokota jua kali, halafu faida anakula aliyekuja na mizani yake ya uongo.

Kwahiyo nenda benki na mama Shufaa, msiende peke yenu peke yenu. Siku hiyohiyo kabla ya kurudi nyumbani nunueni sare, viatu na madaftari ya Januari, ada serikali imefuta sawa lakini sare na daftari hakuna atakayekununulia, na ukisubiri wiki ya kufungua shule kila mtu yuko dukani. Kingine chakula, mvua ndio zimeanza, mahindi unayopanda sasa hivi hutayala kesho, ingiza gunia ndani mapema. Kisha tenga ya palizi na ya dawa za mikorosho, hiyo acheni benki msiitoe kabisa. Baada ya hapo inayobaki ni ya sikukuu na uitumie bila wasiwasi, kuku wawili au mbuzi mmoja wa kuchangia na jirani, nguo za watoto mpelekeeni fundi kitenge kabla ya tarehe 15 maana mafundi nao wanazidiwa. Kama mtaa unataka kula kwako kama mwaka jana waambie mwaka huu kila nyumba ije na sahani yake ya chakula. Watakuja tu.

SWALI: Dada naomba unisaidie. Binti yangu miaka 21 yuko Ujerumani anakaa na familia analea watoto huku anajifunza lugha. Hii ndio Krismasi yake ya kwanza mbali. Ananipigia analia, anasema baridi kali, giza linaingia mapema, na hao wenyeji wake eti Krismasi yao wanafanya tarehe 24. Nina mawazo mpaka silali. (Mama Mtu, Lindi)

JIBU: Pole mama. Nianze na hilo la tarehe ili roho itulie, hawamdanganyi. Wajerumani sikukuu yao kubwa ya nyumbani ni jioni ya tarehe 24, ndio wanawasha taa za mti, wanakula pamoja, watoto wanafungua zawadi. Tarehe 25 na 26 ni mapumziko, wanatembelea bibi na babu. Maduka tarehe 24 yanafungwa mchana na hayafunguliwi mpaka sikukuu ziishe, kwahiyo mwambie kama anahitaji kitu chake anunue mapema. Na kabla ya hapo wanakuwa na wiki nne za majilio, wanaweka mishumaa minne mezani wanawasha mmoja zaidi kila Jumapili, halafu usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba watoto wanaweka viatu mlangoni asubuhi wanakuta peremende za Mtakatifu Nikolasi. Kama analea watoto hayo yote yatamhusu, ayashike vizuri, watoto watampenda.

Giza nalo ni kweli, Desemba kule jua linatoka kama saa mbili asubuhi na kati ya saa kumi na saa kumi na nusu jioni linazama. Sisi huku saa kumi jioni bado tunatafuta kivuli! Mtu aliyekulia Lindi lazima mwili ushangae. Mwambie atoke nje kila siku mchana kukiwa na mwanga hata kama ni dakika chache, avae nguo nyingi moja juu ya nyingine, asijifungie chumbani na simu.

Halafu kuna kitu kimoja ningekuomba umshauri. Awaombe wenyeji siku moja ya sikukuu apike yeye. Tui la nazi la kopo kule linauzwa, mchele upo, samaki wapo, korosho zipo madukani, awapikie wali wa nazi na samaki wa kupaka kama alivyokuona wewe unapika. Hapo atakuwa ametoa kitu kwenye ile nyumba na sikukuu itakuwa na yake pia, maana nahisi kinachomliza zaidi ya baridi ni kukaa anaangalia furaha ya watu. Wewe mrekodie sauti, pole pole, tui la kwanza unaweka lini, la pili lini, ndimu kiasi gani. Ataisikiliza mara nyingi kuliko utakavyodhani.

Mkesha wa mwaka mpya kumbuka mko mbele kwa saa mbili, huku ikigonga saa sita usiku kwao ni saa nne. Mpigie saa sita ya kwetu akiwa bado macho, simu ipite kwa wote, bibi, wadogo zake, majirani. Bando nunua mchana.

SWALI: Mjukuu wangu, mimi bibi wa Mikindani. Shule zikifungwa watoto wangu wa Dar wananiletea wajukuu sita, wanawashusha stendi na mabegi yao basi. Wako kwenye simu kutwa. Nawapenda ila chakula kinanishinda. (Bibi)

JIBU: Shikamoo bibi yangu. La chakula mtafute mjomba wao, yule mkubwa, yeye ndio awaambie dada zake kwamba mtoto anakuja na hela ya kula ya mwezi mzima na sabuni yake, au hela itumwe kwako kila wiki. Kwetu neno la mjomba bado lina uzito, na wewe usijisikie vibaya, wajukuu sita ni wengi hata kwa mtu mwenye nguvu zake.

Simu zikusanye asubuhi bibi, uwarudishie jioni. Wape kazi, maji, kufagia uwanja, kwenda na wewe shamba kupanda choroko maana udongo umeshalowa. Maembe yapo watakula. Wafundishe kubangua korosho, wale wanazijua za kwenye pakiti tu, ila wewe ndio ukae na moto. Yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na moshi wake unawasha macho, wadogo wakae mbali, upande ule upepo unakotokea, zikishaungua na kupoa wapake majivu mikononi ndio wagonge. Wakienda baharini aende nao mkubwa mmoja anayejua maji yanajaa saa ngapi.

Na neti bibi. Mvua zimeanza, mbu wamerudi, wajukuu sita wanahitaji kama neti tatu, hizo nazo wazazi wao wanunue, mjomba aiweke kwenye orodha ileile ya sabuni. Mtoto akishikwa na homa usimpe dawa za dukani kwa kubahatisha, mpeleke zahanati siku hiyohiyo apimwe malaria.