Bayokemia na Uchunguzi wa Jinai: Nichague Shahada Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza sekondari na nimepata nafasi mbili chuoni, moja ya bayokemia pekee na nyingine ya bayokemia pamoja na sayansi ya uchunguzi wa jinai. Baba anahofia kwamba hiyo ya pili itanibana katika ajira, nami nahofia kupasua maiti. Naomba ushauri.

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya maiti iweke kando, kwa kuwa kazi hiyo ni ya daktari wa patholojia. Mwanabayokemia huletewa vielelezo maabara: kipande cha nguo, damu, mkojo, au unga usiojulikana.

Hofu ya baba yako ina uzito zaidi, na jibu lake limo katika kemia yenyewe. Chukua luminoli, kemikali ya kutafutia madoa ya damu, ambayo hung'aa kwa mwanga wa samawati inapokutana na damu kwa sababu chuma kilichomo katika himoglobini huharakisha mmenyuko wake na peroksidi ya hidrojeni inayochanganywa nayo. Hung'aa pia inapokutana na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na hata shaba. Aliyekariri hatua za kipimo ataandika kwamba doa ni damu. Aliyeuelewa mmenyuko ataandika kwamba huenda ni damu, kisha ataendelea na kipimo cha kuthibitisha. Mtu anaweza kufungwa kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo ya maneno, na ndiyo maana silionei haya sisitizo langu juu ya misingi.

Alec Jeffreys, aliyegundua mwaka 1984 huko Leicester, Uingereza, namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba, alianza na shahada ya bayokemia. Mbinu yake ilipotumiwa katika upelelezi wa mauaji ya wasichana wawili, kwanza ilimsafisha kijana aliyekuwa amekiri mauaji ambayo hakuyafanya.

Kwa hiyo soma orodha ya masomo ya shahada hiyo ya pili kwa makini. Ikiwa kemia ogania, kemia ya uchanganuzi, biolojia ya molekuli na takwimu zimo kikamilifu, ichukue bila wasiwasi, kwani mhitimu wake anaweza pia kufanya kazi katika maabara za hospitali, za dawa au za vyakula. Ikiwa kemia imepunguzwa ili kupisha mihadhara ya eneo la tukio, chagua bayokemia pekee, na uchunguzi wa jinai uusomee katika shahada ya uzamili. Takwimu usizidharau: vinasaba vinapolingana, mahakama itataka kujua ni kwa nadra kiasi gani mtu mwingine angeweza kulingana hivyo hivyo, na wewe ndiwe utakayeeleza.

Kabla ya kuthibitisha nafasi, iulize idara saa za maabara ni ngapi kwa wiki, na kama wanafunzi hufundishwa kutunza kumbukumbu za kila mkono uliopokea kielelezo na kutoa ushahidi mbele ya mahakama ya mazoezi.