Anzeni na mnyororo, nyota itafuata

Mwaka wa kwanza wa kutengeneza mapambo ya Krismasi ya karatasi na wanangu nilianza na nyota, na hapo ndipo nilipokosea. Kanisani kwetu Rungwe, Majilio yakifika hutundikwa ile nyota ya Kimoravian yenye ncha 25. Asili yake ni shule ya bweni ya Wamoravian huko Ujerumani, karne ya 19, ambako wavulana waliitengeneza wakijifunza hesabu za maumbo. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Nikajiambia, safari hii tutaiunda nyumbani kwa manila. Wanangu walikuwa na miaka 4 na 8. Tulipofika ncha ya tatu, mkubwa alishakwenda kucheza mpira na mdogo analia, kwa sababu kila alichokunja nilikikunjua nikakikunja upya. Usiku nikaimalizia peke yangu. Ilipendeza sana, ila asubuhi hakuna mtoto aliyeitazama mara mbili.

Tangu hapo tunaanza na mnyororo wa pete za karatasi. Desemba shule zikifungwa, madaftari yaliyojaa hubaki nyumbani, nayo ndiyo karatasi yetu. Chagua kurasa zilizoandikwa upande mmoja tu. Watoto wapake rangi ukurasa mzima kabla ya kukata, maana kupaka utepe mmoja mmoja huwachosha mapema. Mistari ya daftari ndiyo rula: hesabu mitatu, kata, hesabu mitatu, kata. Mwanangu wa miaka 4 hakuuweza mkasi, basi nilimkunjia karatasi kwenye mstari, nikapitisha ukucha, naye akachana kwa mkono. Kingo zilitoka na manyuzinyuzi. Mzazi mwenzangu, hapo jizuie. Usizinyooshe, hata akishalala.

Gundi tunapika wenyewe. Koroga vijiko 3 vya unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Acha ipoe kabisa kabla mtoto hajaigusa. Apake kwa kidole, kidogo tu. Huku kwetu Desemba ni mvua na unyevu, gundi ikizidi karatasi hulegea na pete hufumuka kabla haijakauka. Vibanio vya nguo vilituokoa: bana kila pete, subiri, ndipo upitishe utepe unaofuata. Nilipoona haikauki nilishawishika kuanika mnyororo juu ya jiko la mkaa. Tafadhali usifanye hivyo, na mishumaa nayo ikae mbali na mti.

Mnyororo ukiisha na hamu bado ipo, fanyeni nyota nyepesi. Kunja ukurasa mbele na nyuma, mikunjo midogo kama ya kipepeo cha kupepea moto. Ukiwa bado umekunjwa, kata miisho yote miwili kwa mshazari, funga uzi katikati, kisha fungua pande zote na ugundishe zinapokutana. Kurasa 2 zikiunganishwa duara hujaa vizuri zaidi. Mtoto wa darasa la pili anaimaliza mwenyewe kwa kikao kimoja, na kwangu hicho ndicho kipimo: asipoweza kuimaliza mwenyewe, nangoja mwakani.

Baada ya sikukuu usiyaweke mapambo kwenye boksi la karatasi. Gundi ya unga ni chakula cha panya na mende. Mnyororo wetu wa pili tuliukuta vipande vipande. Sasa yanakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya kabati.

Ndani ya pete moja kila mtoto huandika jina lake na mwaka. Desemba iliyopita tulifungua ndoo, mdogo akaitafuta pete yake mpaka akaipata. Herufi mbili za jina zilikuwa zimegeuka kinyume. Nikamuuliza kama angependa kuandika nyingine. Akakataa, akaomba hiyo ndiyo itundikwe ya kwanza kwenye tawi la mpaini.