Muulize Fundi: Kompyuta na printa zagombania anwani moja

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni karani wa hesabu katika afisi moja ya hapa Wete. Tuna kompyuta tisa na printa moja. Umeme ukikatika ukarudi, kompyuta yangu huandika kwamba anwani yake ya IP inagongana na ya kifaa chengine. Intaneti hukata, na printa haitoi karatasi. Nikizima na kuwasha hupona siku moja, mbili. Mwenzangu asema ni kirusi. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Kirusi hakimo. Naishuku printa, na sababu umeitaja mwenyewe: umeme.

Anwani ya IP ni nambari ya kukitambulisha kila kifaa kwenye mtandao, na anayeigawa ni ruta, kile kisanduku kinachowaletea intaneti. Ruta nyingi ndogo haziihifadhi orodha ya waliogawiwa. Umeme ukikatika hufutika, ukirudi ugawaji huanza upya. Printa iliyoandikiwa anwani kwa mkono haiombi kitu. Imekaa na yake ile ile, ruta haina habari, inampa mtu mwengine. Safari hii umepewa wewe. Hapa Chake Chake niliwahi kumbadilishia mteja waya mbili kabla ya kuitazama printa, na pesa zake zinaniuma hadi leo.

Hakikisha kwanza. Itoe printa ukurasa wake wa mipangilio, uone anwani yake, tuseme 192.168.1.105. Chomoa waya wake wa mtandao, zima uwashe kompyuta yako, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ipconfig. Mstari wa IPv4 ukionyesha 192.168.1.105, mgomvi wako umempata. Usipoonyesha, waulize wenzako kama kuna aliyeleta ruta ya pili akaichomeka kwenye swichi, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao. Ruta mbili zikigawa pamoja, hamtatulia.

Printa usiibadilishe anwani, maana kompyuta zote tisa zinaijua kwa hiyo. Ingia kwenye ruta, uitengee anwani hiyo kwa nambari ya kifaa chake, zile herufi na tarakimu 12 zilizomo kwenye ukurasa ule ule. Ruta isiyo na nafasi hiyo, ianzishe kugawa kuanzia 192.168.1.120. Kisha zimeni kompyuta zote, muwashe.

Neno la siri la ruta aghlabu limo kwenye kibandiko chini yake. Kama aliyewafungia alilibadilisha, mtafuteni yeye. Kile kitundu cha nyuma usikibonyeze, dada yangu: hufuta na mipangilio ya intaneti, na afisi nzima itakaa bila mtandao.