Kufuga kuku na mbuzi katika eneo la makazi

Umeuliza kama unaweza kufuga kuku sita na mbuzi wawili nyuma ya nyumba yako, ilhali jirani amekuambia kwamba sheria inakataza. Huenda jirani huyo amesema nusu ya ukweli. Kanuni za matumizi ya ardhi mara nyingi haziwatazami wanyama wote kwa jicho moja: kuku wachache wa mayai huweza kuruhusiwa mahali ambapo mbuzi huhesabiwa kuwa mifugo na hivyo kudai kiwanja kikubwa zaidi au kibali maalumu.

Kabla ya kupiga msumari wa kwanza, nenda kwenye ofisi ya mipango miji ya eneo lako ukiwa na namba ya kiwanja, uulize kimetengwa kwa matumizi gani, idadi ya wanyama wanaoruhusiwa, na umbali unaotakiwa kati ya banda, mpaka na nyumba za majirani. Umbali huo ndio huwaangusha wengi, kwa sababu banda likishajengwa karibu mno na ukuta, hata kibali hakiliokoi. Omba jibu kwa maandishi.

Soma pia mkataba wako wa pango au masharti ya umiliki, kwani yanaweza kukataza kile ambacho sheria inaruhusu. Jogoo usimfuge, hata kama hakutajwa popote. Kuku hutaga bila yeye, na malalamiko mengi huanzia kwenye kuwika kwake alfajiri.