Barua kwa mwanangu: ile risiti ya hamamu

Mwanangu mpenzi,

Asalamu alaikum. Huku hatujambo, duka linakwenda, na mvua imeanza. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni ufujaji kwenda hamamu, ile nyumba ya kuogea kwa joto, ukiwa Istanbul kununua mali. La pili, kama pesa ile iingie kwenye gharama za duka au itoke mfukoni mwako, maana kaka yako aliiona risiti akanuna. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili mimi nililijua kwa hasara.

Safari yangu ya pili nilishuka asubuhi, nikaweka begi hotelini, nikaingia Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, bila hata kunywa chai. Unapajua pale: ngazi juu, ngazi chini, duka baada ya duka, unashika kitambaa, unabishana bei kwa vidole na kikokotoo. Alasiri macho yalikuwa yamejaa mchanga. Duka la mwisho nikachagua magauni ya Idi, nikalipa, sikufungua hata seti moja kutazama saizi. Yalipofika kwetu Darajani, Unguja, seti zote zilikuwa saizi ndogo, 36 na 38. Wateja wetu unawajua. Mzigo ule ulikaa stoo Idi mbili. Sikudhulumiwa, mwanangu. Saizi ziliandikwa kwenye karatasi, na karatasi nilikuwa nayo mkononi.

Watu wengi husema uchovu ule unatokana na kubadilisha saa. Ungekuwa unakwenda Guangzhou ningekubali, wao wametutangulia saa tano na mwili lazima upotee. Lakini Uturuki tangu 2016 saa zao ni kama zetu mwaka mzima. Ukichoka Istanbul ni kwa sababu umekesha saa saba kwenye kiti, miguu imevimba, hujanywa maji ya kutosha, kisha ukatembea kutwa juu ya mawe. Huo ni uchovu wa nyama na mishipa, na unatibika kwa maji ya moto, kukandwa na usingizi.

Safari iliyofuata, mwenye hoteli, mama mtu mzima, ndiye aliyenielekeza hamamu ya Çemberlitaş, vituo viwili vya tramu kutoka Laleli. Aliijenga Nurbanu, mama yake Sultan Murad wa Tatu, mwaka 1584, na bado watu wanaoga humo. Niliogopa aibu, kama unavyoogopa wewe. Wanawake wana upande wao na wahudumu wao ni wanawake. Unapewa shuka la pamba la mistari, unalala juu ya jiwe kubwa la marumaru lenye moto, juu yako kuba lenye vitundu vinavyoingiza mwanga. Unatoka jasho mpaka ngozi inalainika. Kisha mama wa watu anavaa kese, ule mfuko wa mkono unaokwaruza kama dodoki, anakusugua kuanzia bega, na taka zinajikunja nyuzi nyuzi za kijivu. Alipofika mgongoni nilimkumbuka somo yangu, yule kungwi wangu, aliponisinga singo kabla ya ndoa, mkono ule ule wa mtu asiye na haraka na wewe. Nililia kidogo. Nilikuwa na miezi minane tangu baba yako afariki na hakuna mtu aliyekuwa amenigusa mgongo.

Usiku ule nililala saa tisa mfululizo. Kesho yake nilirudi Laleli nikafungua kila seti.

Tena usidhani ni mambo ya kigeni. Hamamni pale mjini Unguja, Sultani wetu Sayyid Barghash alijenga hamamu ya watu wote, na mtaa ukachukua jina la hamamu hiyo. Leo haina maji tena, watalii wanapiga picha, lakini wazee wetu walijua kwamba msafiri huogeshwa kwanza.

Sasa nikwambie ninavyofanya, maana wengi hukosea siku. Wanakwenda siku ya mwisho, kama zawadi, mali imeshanunuliwa kwa macho mazito. Wewe nenda jioni ya kwanza. Siku hiyo usilipe mzigo wowote, tembea tu na kuuliza bei. Toka hamamu saa moja au mbili kabla ya kulala: joto linaleta damu mikononi na miguuni, ukitoka mwili unapoa, na usingizi unakuja wenyewe. Usiende na tumbo lililojaa. Kunywa maji kabla na baada. Kusuguliwa na povu kunatosha, ile masaji ya mafuta wanayokuongezea si lazima. Mpe mhudumu bakshishi mkononi mwake.

Na hili nakusihi kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Ukishuka kwenye ndege na mguu mmoja tu umevimba, shavu la mguu linauma au lina joto, USIKUBALI mtu akuchue. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na kuchuliwa kunaweza kuing'oa ikapanda mapafuni. Hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo. Ukiwa na mimba, Mungu akijaalia, muulize daktari kabla ya kuingia kwenye joto lile. Mimi tangu nianze dawa za presha huinuka kwenye jiwe polepole, nakaa kwanza, kwa sababu joto linashusha presha na kizunguzungu juu ya marumaru yenye maji si jambo dogo.

Kuhusu pesa. Kaka yako hakukasirikia hamamu, amekasirika kwa sababu uliandika "chakula" na risiti ikasema vingine. Hapo ana haki, na mimi niko upande wake. Duka ni lenu wawili. Kaeni kabla ya safari, mkubaliane kiasi, kiandikwe kwenye masurufu mstari wake peke yake: hamamu, mara moja, jioni ya kwanza. Ukitaka mara ya pili, toa mfukoni mwako. Akisema ni anasa, mfungulie daftari la mwaka ule wa magauni. Liko kabati la juu, jalada jekundu, hasara nimeiandika kwa mkono wangu.

Nitazungumza naye Ijumaa akija kula. Lakini la "chakula" mwombe radhi wewe mwenyewe kabla ya siku hiyo.

Kese yangu imetoboka kidole gumba. Niletee nyingine, ile ngumu, si ile laini wanayowauzia watalii.

Mama yako