Ukitaka kupima elementi nzito mno kwa leza, anza kwa kuhesabu atomu

Wanafunzi wa fizikia wanaotamani utafiti wa elementi nzito mno huja kwangu na swali la leza: ipi ina nguvu, ipi wajifunze kwanza. Nimeshinda maabara na leza kwa miaka na ninazipenda, ila ushauri wangu ni uleule: ziweke kando kwanza. Chukua karatasi uhesabu atomu.

Tuitazame nobeliamu, elementi ya 102. (Wapo wanaosema uzito huo "mno" unaanzia elementi ya 104, sigombani nao.) Haichimbwi popote. Katika kituo cha utafiti cha GSI, Darmstadt, Ujerumani, hutengenezwa kwa kurusha viini vya kalsiamu-48 kwenye utando mwembamba wa metali ya risasi-208 (namba hizo ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini). Viini viwili vikiungana na kutoa nyutroni mbili, hubaki nobeliamu-254, ambayo nusu yake huwa imeoza baada ya sekunde 51 hivi. Kwa sekunde moja hupatikana atomu chache, hazifiki hata kumi.

Sasa fuatilia zinakopotelea. Kwanza kichujio huzitenga na mwale wa kalsiamu. Zinazopita hupunguzwa kasi ndani ya gesi ya agoni, kisha hunasa kwenye uzi wa metali ya tantalamu. Uzi hupashwa moto ili atomu zifuke, na hapa ndipo ninapowakalisha wanafunzi muda mrefu. Moto ukiwa mdogo, atomu hazing'oki. Ukizidi, nyingine hutoka zikiwa ioni tayari, yaani zimeshapoteza elektroni, na kigunduzi hakiwezi kujua kama ni kazi ya leza au ya moto. Kiwango cha joto kinachofaa ni chembamba, na hakuna leza ya bei yoyote itakayokuokoa ukikikosa.

Leza huingia baada ya hapo. Ya kwanza hupandisha elektroni ngazi moja, ya pili huitoa kabisa, na ioni huvutwa na umeme hadi kwenye kigunduzi, kinachoitambua kwa chembe ya alfa inapooza. Lakini ya kwanza lazima iwe na urefu wa wimbi sahihi, na hakuna aliyekuwa ameupima. Elektroni za atomu yenye protoni 102 huenda kasi kiasi kwamba nadharia ya uhusianifu ya Einstein haiepukiki katika hesabu, na makadirio ya wananadharia yalitofautiana. Ilibidi kutafuta hatua kwa hatua. Mwaka 2016 timu ya GSI ilitangaza kuupata mpito huo, yaani kuruka kwa elektroni hadi ngazi ya juu, karibu nanomita 334, kwenye urujuanimno.

Kwa hiyo jifunzie kwenye itabiamu, elementi ya 70. Elektroni zake za nje zimepangwa kama za nobeliamu, inanunulika, na haihitaji kichapuzi cha chembe, ile mitambo ya kurushia viini kwa kasi. Timu hiyo yenyewe ilijaribia mitambo yake kwa itabiamu. Na kwa kuwa mwanga wa urujuanimno hauonekani, vaa miwani iliyotengenezewa urefu huohuo wa wimbi, uvue saa na pete. Hilo sina mjadala nalo.

Takwimu za namba ndogo usizikwepe. Kilele cha spektra (mchoro wa idadi ya ioni kwa kila urefu wa wimbi) hapa kinaweza kujengwa na matukio machache mno, na lazima uweze kutetea kwamba si bahati nasibu.

Ukifika hapo ndipo leza inakuwa swali la maana. Ndani ya gesi mistari ya spektra hupanuka. Hata hivyo ukubwa na umbo la kiini vilisomwa kwa nobeliamu-252, 253 na 254, ila ukitaka kuvisoma kwa usahihi zaidi unahitaji mistari myembamba, na njia mojawapo ni kuziangaza atomu zikiwa kwenye mkondo baridi wa gesi inayotoka kwa kasi.

Lorensiamu, ya 103, haifuki kirahisi na hugeuka ioni upesi. Ndiyo maana inapendekezwa kutumia ioni zenyewe: leza hubadilisha hali ya elektroni, na ioni hubadili kasi yake inapopita ndani ya heliamu. Kama bado hujachagua mada ya shahada ya uzamivu, mimi ningeanza kuulizia huko.