Chavua ya nyuki wa Asia
Umeuliza nyuki wa kienyeji wa Asia wanatoa wapi chavua. Kule Kerala, India, mti wao mkubwa ni mnazi aisee, karara (lile ganda linalofunika maua) likishapasuka maua dume yanamwaga chavua, na vile mnazi unatoa maua mwaka mzima majana (watoto wa nyuki) hayalali njaa. Kuna na mashamba ya mpira, hapo wanapata mbochi (maji matamu ya kutengenezea asali) kwa wingi ila sio kwenye ua, unatoka kwenye vitezi (vifuko vidogo vya kutoa utomvu huo) vya kikonyo cha jani, chavua ya maana huipati. Alafu wanatoka asubuhi mapema hata kukiwa na kabaridi wakati wale wa Ulaya bado wako mzingani, ila hawaendi mbali sana, kwa hiyo malisho lazima yawe karibu.